Kesho Unaenda kwa Bai Khorshed

Shauri Moyo, Jumamosi jioni

Mwaitu Mumbua,

Salamu siziandiki, maana tumeamkiana asubuhi ya leo na chai tumekunywa kwenye sufuria moja. Umetoka kwenda mtaa wa Ziwani kuagana na wenzako wa kwaya. Mimi nimekaa kwenye kigoda karibu na dirisha, natumia mwanga uliobaki. Babako amelala, uso ameuelekeza ukutani.

Usishangae kwamba nakuandikia barua na tunalala chumba kimoja. Wiki nzima nimejaribu kusema nawe. Kila nikianza unaniwahi: "Mathe, usijali, itakuwa poa." Kisha unachukua nguo nyingine unaikunja, na mimi nabaki na maneno kinywani, siyatemi wala siyamezi. Sikulaumu. Hata mimi nilipokuwa naondoka kwetu kuja Nairobi sikumpa mamangu nafasi ya kusema. Ndiyo maana nakuita mwaitu, mama yangu, si kwa sababu ya jina lake tu ulilopewa. Una haraka yake, na una ile tabia yake ya kufunga mlango kabla mtu hajagonga.

Mambo ya sweta na pasipoti na namna ya kukaa kwenye ndege umeshaambiwa na shangazi yako, ambaye ndege huiona ikipita juu ya paa. Siyarudii. Nataka nikueleze habari za Bai, maana unaenda kumtunza mtu uliyemwona mara chache ukiwa mtoto, ukampa mkono ukakimbia. Na ukishafika huko huenda usimwone Bai hata ukikaa naye meza moja. Yule ninayemjua mimi, wewe utakuta mabaki yake.

Nilipoolewa, babako alikuwa anachonga kwenye banda karibu na Gikomba pamoja na vijana wengine wa kwetu Ukambani. Twiga, swara, vichwa vya wazee wa Kimaasai. Alikuwa anapenda mpingo kuliko mti wowote, na vipande vilivyobaki tulikuwa tunawashia jiko. Siku moja mtu akanieleza kwamba kuna Mhindi, mama mzee wa Ngara, ananunua vipande vya mpingo hata viwe vyembamba kama kidole. Nikajaza gunia, nikalibeba kichwani mpaka huko. Mimba yako ilikuwa imeanza kuonekana.

Alifungua mlango mwenyewe. Mama mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, kitambaa cheupe kichwani. Alitoa kipande kimoja kwenye gunia, akakinusa, akakigonga na kucha.

"Mumeo nachonga?"

"Ndiyo, mama."

"Na hii yeye natupa?"

"Tunawashia moto."

Alinitazama kama nimemwambia tunawashia moto watoto. "Ingia," akasema.

Huyo ndiye Khorshed, na watu wote walimwita Bai. Alikuwa mjane. Aliniambia baadaye kwamba watu wake si Wahindi kama majirani zake wa Ngara. Ni Waparsi, na wazee wao walitoka Uajemi zamani sana, wakashuka Bara Hindi, wengine wakakaa mji unaoitwa Surat. Ile kazi ya kupamba masanduku nayo walikuja nayo. Ndivyo alivyonieleza, mimi sikwenda kuhakikisha. Mumewe alikuwa ameirithi kwa babake, na alipofariki Bai akaendelea nayo kwenye kibanda cha mabati nyuma ya nyumba, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akimfungia vijiti miaka yote na mikono yake ilikataa kukaa bure.

Kazi yenyewe unaijua kwa harufu yake kuliko kwa macho, kwa hiyo acha niieleze. Bai aliiita sadeli. Watu wa pwani wangesema ni kazi ya njumu, kupamba mti kwa vipande vya kitu kingine. Lakini hapa mti hautobolewi vipande vikapachikwa kimoja kimoja. Unachonga vijiti virefu vya pande tatu, vyembamba kama njiti za kibiriti: vya mpingo mweusi, vya msandali, vya mfupa mweupe, vingine vya mfupa uliotiwa rangi ya kijani, na katikati waya wa bati. Pembe ya ndovu ilikuwa imeshapigwa marufuku nilipofika, kwa hiyo tulitumia mfupa wa ngamia. Unavipaka gundi, unavipanga pamoja kama kuni, unavifunga kwa uzi, unaviacha vikauke. Kisha unaukata mzigo huo kwa msumeno kama unavyokata mkate, na kila slesi inatoka na nyota. Nyota ileile, kutoka mwanzo wa mkate mpaka mwisho. Slesi hizo ndizo unazobandika juu ya sanduku.

Siku ya kwanza kuona slesi ikidondoka kwenye msumeno wa Bai niliketi chini. Nilisema ni mimba.

Alinipa kazi ya gundi. Ilikuwa gundi ya ngozi, vipande vikavu unavyoloweka usiku kucha kisha unavipasha moto polepole ndani ya mkebe uliokaa kwenye sufuria ya maji. Nilikuwa napiga gumzo na mfanyakazi wa jirani juu ya ukuta, ikachemka. Bai hakunifokea. Alichukua mkebe akamwaga wote kwenye mtaro.

"Kalondu," akasema, "gundi taka moto. Hapana taka chemka. Ikichemka, kwisha kufa. Wewe naona iko hai, lakini kwisha kufa, na sanduku yako nafunguka baada ya mwaka moja, na wewe hapana jua kwa nini."

Ndivyo alivyokuwa anazungumza. Usicheke. Kiswahili hicho alikijengea nyumba, akakikalia maisha yake yote.

Miaka ikapita hivyo. Kutoka gundi nikapanda kwenye kufunga, kutoka kufunga nikapanda kwenye kupanga. Hakuwahi kunieleza sana. Alikuwa anagonga kidole changu kwa chake kama nimekosea, na nikipatia alinyamaza. Ulipozaliwa nilikaa nawe kidogo, halafu nikarudi, nikakuacha kwa Mama Nekesa hapo mlango wa tatu. Ulimwita yeye mama kabla ya kuniita mimi. Kila sherehe nakisimulia kisa hicho na watu wanacheka, Mama Nekesa anacheka, wewe unacheka. Mimi mdomo wangu ndio huwa unacheka.

Nilijiambia ni kwa ajili yako. Ni kweli, ilikuwa kwa ajili ya unga na sare ya shule. Lakini, mwaitu, nilikuwa naipenda. Kulikuwa na siku nilitoka Ngara nimechelewa si kwa sababu Bai alinizuia. Nilitaka tu kuona mzigo ukifunguka. Mwanamke wa Shauri Moyo hasemi kitu kama hicho. Anasema alichelewa kwa sababu ya kazi, na anapewa pole.

Kisha binti yake, Roshan, akachumbiwa. Bai akasema sanduku la harusi tutalifanya sisi wawili na hakuna fundi mwingine atakayeligusa. Lilikuwa la kuwekea sari na kile chombo cha fedha cha maji ya waridi wanachotumia wao. Tulilifanya msimu mzima wa kiangazi. Nyota zilikuwa ndogo mpaka Bai alikuwa anazipanga kwa ncha ya sindano na mimi nashikilia taa. Siku ya harusi waliniweka jikoni, na sikuona vibaya, nilikuwa nakunja sambusa na wapishi. Bai akaja jikoni na sari yake ya heshima, akanishika mkono na unga wake, akanipitisha katikati ya wageni mpaka kwenye sanduku. Akawaambia kitu kwa lugha yao, kisha akanigeukia akanitafsiria.

"Mimi naambia wao, hii ndio mkono yangu."

Nilirudi nyumbani na neno hilo kama mtu aliyepewa hati ya shamba. Nilimwambia babako, nilimwambia Mama Nekesa, nilimwandikia mamangu. Mimi ni mkono wa Bai. Babako peke yake ndiye hakufurahi. Alikuwa anapiga msasa shingo ya twiga, akaniuliza, "Na akihama, mkono anauacha wapi?" Nikakasirika nikaenda kuteka maji.

Hilo ndilo kosa langu nililolijua nikiwa nimechelewa. Si kwamba Bai alinidanganya. Aliamini kila neno. Roshan naye alikuwa ananiita "mtu wa nyumbani" na aliamini. Mimi pia niliamini, sote watatu tulikuwa ndani ya jambo moja, ila wao walikuwa na mlango wa kutokea.

Mume wa Roshan akapata kazi Uingereza, Leicester, huko unakoenda. Wakakaa kidogo wakarudi kumchukua Bai. Nyumba ikauzwa. Wiki hiyo watu walikuja na lori, wakabeba makabati, wakabeba meza, na mwisho wakafika kwenye kibanda. Misumeno, randa ndogo, tupa, vibano vya marehemu mumewe, vyote wakavimwaga kwenye gunia la mtu wa chuma chakavu. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Kulikuwa na msumeno mmoja mwembamba ambao mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja changu. Nilitaka kuuomba. Ni neno moja tu, "naomba." Roshan angenipa, na angeshangaa kwamba nimeuliza. Lakini nilikuwa nangoja nipewe. Nilikuwa nataka wakumbuke wenyewe. Gunia likafungwa, likapita mbele yangu.

Bai walimtoa akiwa kati ya Roshan na mkwewe. Alikuwa anatembea sawa, akili yake ilikuwa nzima wakati huo, lakini alikuwa kama mtu anayepelekwa hospitali kwa ugonjwa wa mtu mwingine. Walimkalisha garini. Nikasogea. Nilikuwa nimepanga kitu cha kumwambia, nimekipanga usiku mzima. Akateremsha kioo.

"Kalondu. Gundi wewe nazima?"

"Nimezima, Bai."

Gari likaondoka.

Nilitembea mpaka hapa bila kujua nimepitia wapi. Ulikuwa unafanya kazi ya shule kwenye kitanda. Uliniuliza kama nimeleta mkate.

Yaliyofuata uliyaona. Nilikataa kuacha. Babako alinitengenezea msumeno kwa ule utepe wa chuma unaofungia beli za mitumba, akaunoa mpaka ukakata. Mifupa nilichukua kwa wauza nyama wa soko la Burma, nikaichemsha hapo nje, majirani wakalalamika kwa harufu, na haki walikuwa nayo. Nikatoa masanduku madogo, ya pete na hereni, na mwenye duka mmoja wa watalii mjini akayachukua, akataka mengine. Nilianza kutembea kichwa juu. Nilikuwa sasa ni mkono wangu mwenyewe.

Halafu ikaja ile mvua ya El Nino. Nyumba nzima ilikuwa inatoa jasho, ukuta, godoro, chumvi. Nilikuwa na haraka ya kumaliza oda. Gundi niliipandisha moto zaidi ili ishike upesi kwenye unyevu ule. Ilichemka, Mumbua. Niliiona ikitoa povu, nikajiambia kidogo tu haidhuru. Mwenye duka aliyarudisha masanduku yote kwenye katoni. Ulifungua moja ukakuta nyota zote zimedondoka ndani, zimekaa chini kama mtama wa kuku. Ulikuwa umemaliza Form Four. Ulikaa pale sakafuni ukaanza kuzipanga upya, na mimi nikakunyang'anya nikazitia kwenye jiko. Sikujua kwamba mfupa ukiungua unalia.

Na kabla mvua hiyo haijaisha babako akaanguka bandani na patasi mkononi. Kiharusi kikachukua upande wa kulia wote, na maneno yake kikamwachia machache. Basi. Nikaingia Gikomba kuuza sweta za watoto, wewe ukaanza kusuka watu nywele. Wala hatukukaa chini kulizungumza. Tulikuwa tunamgeuza babako asubuhi na jioni, wewe kichwani mimi miguuni, na hayo yakawa ndiyo mazungumzo yetu.

Sasa nifike kwa Roshan, maana siku ile sote tulikuwepo, lakini nadhani kila mmoja wetu alisikia lake.

Alikuja peke yake, amevaa viatu vya kutembelea, nywele zimeanza mvi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda cha babako kwa sababu kigoda alikuwa nacho Mama Nekesa. Akatueleza. Bai amesahau Kiingereza chote. Amesahau mkwe, amesahau wajukuu, Roshan mwenyewe anamwona kama mgeni aliyekaa sana. Kimebaki Kigujarati na Kiswahili. Asubuhi anagonga meza ya kulia chakula na kuita. Wauguzi wanaokuja hawaelewi anachosema.

"Anaita nini?" Mama Nekesa akauliza.

Roshan akanitazama. "Anamwita Kalondu. Siku nzima. Kalondu, leta gundi. Kalondu, uzi wapi. Nikimwambia Kalondu yuko Nairobi analia kama mtoto. Kwa hiyo siku hizi namwambia umeenda dukani."

Kisha akasema, "Kalondu, nimekuja kukuomba. Njoo ukae naye. Nitashughulikia karatasi zote. Haitakuwa muda mrefu."

Kwa muda mfupi sana, mwaitu, moyo wangu uliruka. Nilijiona kwenye meza ile. Kisha babako akapumua, ile pumzi yake ya kukoroma, na nikarudi chumbani. Nikasema, "Roshan, unaona mwenyewe." Akaona. Akaanza kulia, akasema samahani, hakujua, angejua asingeuliza.

Na wewe, uliyekuwa umesimama mlangoni na kitana mkononi, ukasema, "Nitaenda mimi."

Sote tukageuka.

"Kama amesahau kila mtu, hatajua tofauti," ukasema. "Watu wanasema tumefanana. Nitamwambia nimerudi kutoka dukani."

Roshan alikuangalia, kisha akakushika mikono yote miwili. Mimi nilikuwa nikingoja mtu aniulize. Unajua tabia yangu hiyo. Mpaka leo hakuna aliyeniuliza, na mimi sikufungua mdomo, na karatasi zikaanza kutembea.

Ningesema nini? Kama ungekuwa na kitu cha kukushika hapa ningekitaja. Chuo hukupata. Kazi umetafuta mpaka viatu vimeisha. Mtoto wa watu anakaa kwenye kigoda anasuka nywele za wenzake wanaoenda ofisini. Roshan si mtu mbaya, atakuweka vizuri, nina hakika atakuita mtu wa nyumbani. Nimeikagua safari hii kama ninavyokagua sweta za beli, naigeuza nje ndani, natafuta tundu, na tundu silioni. Ila najua kwamba nilikuacha kwa Mama Nekesa ili nikakae na Bai, na sasa Bai huyohuyo anakuchukua wewe.

Mwezi huu nilijaribu kukufundisha. Nilifikiri angalau uwe na kitu mikononi ukifika. Vidole vyako vina kasi ya kusuka, vinavuta uzi kama vinashindana. Ulifunga mzigo wako wa kwanza, tukaungoja ukauke, tukaukata hapo kwenye ngazi. Ulipoinua ile slesi ukaitazama kwenye mwanga ukasema, "Mathe, hii nyota ni chongo." Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Babako akacheka pia, upande mmoja wa uso. Halafu ukasema huna haja ya kujifunza zaidi, utamshikisha tu vijiti na yeye hatajua. Ulisema kwa upole, ili kunipunguzia kazi. Niliumia, na sikuwa na haki ya kuumia. Kitu kilichonichukua ujana wangu ulikiangalia kwa muda wa chai moja ukaona hakikuhusu. Labda umepona ugonjwa ambao mimi sikupona.

Nilitaka kukupa ushauri, na nimegundua sina. Nikikuambia usimpende Bai, nitakuwa nakuambia uwongo, maana hakuna njia ya kumwosha mtu, kumlisha, kumfunga nywele, bila kumpenda kidogo. Nikikuambia mpende, najua kunakoishia. Nikikuambia ukitaka kitu omba, usingoje upewe, unajua vizuri nimekufundisha nini kwa mfano wangu. Basi nimebaki na mambo madogo tu. Anapenda chai yenye mchaichai. Ukimshika bega la kushoto atashtuka, linamuuma tangu zamani. Taa yake ya kibandani ilikuwa haizimwi mchana wala usiku, usishangae kama kuna moto mdogo unawaka mahali ndani ya nyumba, kwao ni jambo la dini.

Lakini kuna jambo jingine, na ndilo lililonikalisha hapa. Leo mchana ulipokuwa bombani unafua, katekista alikuja kuniita. Simu kwenye ofisi ya kanisa. Nilidhani ni habari za saa ya ndege.

Alikuwa Roshan. Sauti yake ilikuwa mbali, na ilikuwa imechoka.

"Kalondu, Mummy haiti tena," akasema. "Tangu katikati ya wiki. Hasemi Kiswahili, hasemi chochote. Anakaa tu na kuangalia meza. Daktari anasema ndivyo ugonjwa unavyokwenda, hautarudi nyuma."

Nikamuuliza, "Sasa Mumbua anakuja kufanya nini?"

"Aje tu," akasema. "Kalondu, aje tu. Mimi peke yangu siwezi."

Nilisimama pale na simu ya katekista sikioni, na nikamsikia Roshan, yule mtoto niliyemkunjia sambusa za harusi, anavyopumua. Nilitaka kukasirika. Sikupata hasira mahali popote. Yeye ana mama asiyemjua, mimi nina mume anayejua kila kitu na hawezi kusema, na katikati yetu tunakuvuta wewe, kila mmoja kwa mkono wake.

Nilirudi, ukaingia na beseni la nguo, ukaniuliza ni nani. Nikasema ni mambo ya kanisa. Sikuweza. Ulikuwa unaimba.

Kwa hiyo barua hii siitii ndani ya begi, uje kuisoma ukiwa umeshafika ambapo huwezi kugeuka. Nitaiweka chini ya mto wako, uisome leo ukirudi. Anayekungoja hakungoji tena. Jina ulilokuwa unaenda kuliitikia halitaitwa. Ukienda, utakuwa Mumbua tu, msichana aliyeajiriwa kumlisha mama mzee asiyesema, katika nyumba ya mwanamke mpweke. Huenda hiyo ni bora. Huenda ni mbaya zaidi. Nimekaa nayo tangu mchana na sijui.

Ukiniuliza mimi, sitaki uende. Nimeiandika sentensi hiyo, nikaikata, nikaiandika tena, na sasa naiacha. Lakini usiiamini sana. Sijui kama sitaki uende kwa ajili yako, au kwa ajili ya mgongo wangu, maana kuanzia kesho jioni sijui babako nitamgeuza na nani. Mama Nekesa amesema atakuja, na magoti yake unayajua. Nimejaribu kutenganisha mambo hayo mawili ili nikupe lile moja lililo safi, na nimeshindwa.

Giza limeingia na wewe hujarudi. Babako ameamka, ameniuliza, "Ameenda?" Nimemwambia bado. Ameuliza tena. Nimemwambia bado.

Ukishaisoma usiniamshe. Asubuhi nitaona mwenyewe. Ukivaa gauni la safari nitashika mkono mmoja wa begi na wewe utashika mwingine. Ukijifunga leso ukawasha jiko, nitaleta maji. Kwa vyovyote sitasema neno, na usidhani nimekasirika. Niliyokuwa nayo yote nimeyaandika.

Ni mimi mamako,
Kalondu